Jinsi ya Kuwapenda Wachoraji wa Anga Bila Kuondoka Kigali

Anza na bango la ujenzi. Kigali hutalikosa: popote msingi unapochimbwa, iwe Kiyovu, Remera au Kinyinya, uzio wa mabati hutangulia, na juu ya uzio huwekwa picha ya jengo likiwa limeshakamilika. Mwambie dereva wa pikipiki akusubiri, vua kofia yake, kisha simama mbele ya picha hiyo dakika tano nzima. Wapita njia watadhani unatafuta ofisi ya kupanga. Waache wadhani.

Tazama anga iliyomo. Ni ya buluu ile ambayo Kigali huipata asubuhi chache tu baada ya mvua, na humo ndani ipo siku zote. Tazama watu wanaopita mbele ya jengo: warefu, wembamba, hakuna hata mmoja aliyebeba mfuko wa viazi. Tazama miti, iliyokomaa kabla mbegu haijapandwa. Sasa tafuta vivuli. Huenda vya jengo vinaangukia kushoto na vya watu vinaangukia kulia. Ukiliona hilo, umeshaanza kazi, kwa sababu umegundua kwamba nyuma ya picha yupo mtu. Kuna kijana aliyekaa mbele ya skrini hadi usiku wa manane akichora mahali ambapo hakuna binadamu aliyewahi kusimama, na usingizi ukamshika kabla ya kumaliza vivuli.

Mwongozo huu ni wa kuwapenda watu wa kazi hiyo, hasa waliokwenda mbali kuliko Kinyinya: wachoraji wa Zohali, wa vyombo vya angani, wa miji ya karne ijayo, wa majalada ya hadithi za kisayansi. Wakazi wa Kigali tuna kila sababu ya kuwa mashabiki wao wakubwa. Kuanzia mpango mkuu wa mji wa mwaka 2008, ukaja wa 2013, ukaja ule uliorekebishwa mwaka 2020, tumekuwa tukiishi katika mji mmoja huku tukionyeshwa picha za mji mwingine. Kubishana juu ya picha za kesho tunakuweza. Kilichobaki ni kujifunza kuzitazama, na kuyajua majina ya waliozichora.

Jina la kwanza la kukariri ni Chesley Bonestell. Likariri sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma, maana ndilo litakalokusaidia siku mtu atakapokuambia kwamba picha za anga ni za watoto. Alizaliwa San Francisco, Marekani, mwaka 1888. Mwaka 1905, akiwa na miaka 17, alipanda mlimani hadi kwenye kituo cha darubini cha Lick, akaiona Zohali kwa jicho lake, akarudi nyumbani kuichora. Mchoro ule uliteketea katika moto uliofuata tetemeko la 1906. Ukimsimulia mtu kisa hiki, nyamaza hapo kidogo umpe nafasi ya kusikitika.

Baadaye Bonestell alifanya kazi ile ile ya bango la ujenzi. Alikuwa miongoni mwa waliobuni sura ya nje ya jengo la Chrysler la New York, na alichora daraja la Golden Gate kabla halijajengwa, ili wenye fedha waone wanachotakiwa kulipia. Kisha Hollywood ikamchukua kuchora mandhari za nyuma za filamu, Citizen Kane ikiwemo. Humo alijifunza kamera inaona nini ikisogezwa hatua moja kushoto au kulia. Alipofika miaka 56 akaunganisha yote mawili, hesabu za msanifu majengo na ujanja wa sinema, na mwaka 1944 jarida la Life likachapa michoro yake ya Zohali kama ambavyo ingeonekana ukiwa umesimama juu ya miezi yake.

Utafute kwenye simu yako ule uitwao Saturn as Seen from Titan. Ukiupata, usimtumie mtu. Usiweke kikaragosi cha kupigwa butwaa. Kwanza mlipe mchoraji kwa macho yako, kwa kumuuliza maswali matatu.

Swali la kwanza: jua liko wapi? Angalia upande wa sayari unaong'aa, halafu angalia upande wa miamba unaong'aa. Jua la picha moja ni moja. Yakiwa mawili bila hadithi kutuambia kwamba tupo kwenye mfumo wa nyota pacha, basi mchoraji amelala.

Swali la pili: nimesimama wapi? Mchoraji mzuri wa anga hukupa ardhi chini ya miguu. Bonestell alikuweka juu ya theluji, kati ya majabali, ndipo akakuinua shingo. Hii ndiyo sababu mchoro wake wa 1944 unashika moyo kuliko picha nyingi za leo zenye sayari kumi na mbili zikielea mahali pasipo na chini wala juu. Ukiona picha ya anga isiyo na mahali pa kuweka mguu, uliza mchoraji alitaka uitazame ukiwa wapi. Majibu mengine yapo, kama dirisha la chombo au kofia ya mwanaanga. Lakini jibu lazima liwepo.

Swali la tatu ni la ukubwa, na hili unalijibu kwa mkono wako. Toka nje usiku, nyoosha mkono mbele yako, ufunike mwezi mpevu kwa kidole gumba. Utashangaa: kidole kinaufunika na nafasi inabaki. Mwezi wetu una upana wa nusu digrii tu angani, na gumba la mkono ulionyooshwa lina digrii mbili hivi. Vidole vitatu vya kati vikiunganishwa ni kama digrii tano. Ngumi ni kama kumi. Basi ukiwa na mkono tu, unaweza kumkagua mchoraji yeyote wa mfumo wa jua. Mtu aliyesimama juu ya Io, mwezi wa Mshtarii, angeiona sayari hiyo ikijaza ngumi mbili zikipangwa ubavu kwa ubavu. Aliyesimama kwenye Titan angeona umbo la Zohali lenye upana wa vidole vitatu na kidogo zaidi, na pete zake zingekuwa mstari mwembamba, kwa sababu Titan huzunguka karibu katika bapa lile lile la pete. Mchoraji anayekuonyesha pete zimetanda kwa upana wake wote kutokea Titan ameuacha mwezi huo na kwenda kusimama penginepo bila kukuaga.

Nenda ukalifanye zoezi hilo mahali penye watu. Biryogo panafaa, kwenye ile mitaa iliyofungwa kwa magari, lami ikapakwa rangi, viti vya chai vikatoka nje. Mtu mmoja akinyoosha ngumi angani, wa meza ya jirani watauliza. Wajibu. Mapenzi ya sanaa hii huenea kwa njia hiyo hiyo: mtu anakuonyesha jambo ambalo mkono wako ulikuwa nalo siku zote, kisha hutazami tena jalada la kitabu kwa macho ya jana.

Hapo Biryogo mna somo jingine la bure. Kigali iko digrii mbili tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi mwandamo kwetu hulala chali, pembe zake zikitazama juu. Vitabu vingi vya watoto tulivyosomea vilichorwa na watu wa nchi za kaskazini, ambako hilali husimama wima zaidi. Sasa kagua kila picha ya Kigali ya miaka 100 ijayo, yenye magari yanayoruka juu ya kuba la Convention Centre. Kama hilali imesimama wima, mchoraji ameazima anga ya mji mwingine. Mwambie kwa upole. Anga ni yetu pia, na haigharimu kitu kuichora jinsi ilivyo.

Sasa jambo gumu: kumpenda mchoraji aliyekosea. Tarehe 14 Januari 2005 chombo cha Huygens kilitua Titan. Hakukuwa na anga ya buluu kama aliyoichora Bonestell. Kulikuwa na ukungu mzito wa rangi ya chungwa, na chini mawe ya barafu yaliyolainishwa yakawa mviringo. Mtu aliyesimama pale asingeiona Zohali kwa macho yake hata kidogo. Mchoro maarufu kuliko yote wa sayansi ya anga umechora kitu kisichoonekana.

Kwa mwezi wetu mambo yalikuwa hivyo hivyo. Bonestell aliujaza milima iliyochongoka, kingo kali, majabali ya kutisha, na mwaka 1957 mchoro wake mkubwa wa mwezi, wenye urefu wa kama mita 12, uliwekwa kwenye jumba la makumbusho ya sayansi la Boston. Kisha vyombo vya Apollo vikatua mwezini, na picha zikaja: vilima vya mviringo, vilivyolainishwa na vishindo vya vimondo vidogo kwa mabilioni ya miaka. Mwaka 1970 mchoro ukaondolewa ukutani.

Na kumbe alikuwepo aliyepata. Mfaransa Lucien Rudaux, mwanaastronomia na mchoraji, alikuwa na kituo chake cha darubini huko Normandie, na mwaka 1937 alitoa kitabu cha michoro ya dunia nyingine. Rudaux aliutazama ukingo wa mwezi, pale duara linapokutana na weusi, akaona kwamba milima ya pale haina ncha. Akaichora kama alivyoiona, zaidi ya miaka 30 kabla ya mguu wa mtu kugusa udongo ule.

Mshabiki wa kweli huwaweka wote wawili ukutani. Rudaux ndiye ninayemwamini, na Bonestell ndiye anayenifanya nitake kwenda. Kuanzia mwaka 1952, michoro yake katika jarida la Collier's, iliyofuatana na maandishi ya mtaalamu wa roketi Wernher von Braun na wenzake, iliwaonyesha Wamarekani wa kawaida roketi na vituo vya angani kabla chombo chochote hakijazunguka dunia. Watu huchangia safari waliyokwisha kuiona. Kigali inalijua hilo vizuri: hakuna mnara uliosimama hapa ambao haukuanza kuwa mchoro mezani pa mtu. Kwa hiyo ukimkosoa mchoraji kwa kosa la sayansi, mkosoe kwa heshima ya mtu aliyetangulia njiani, halafu uliza alikuwa na habari gani siku alipochora. Mwaka huo wa 1944, ndiyo kwanza mwanaastronomia Gerard Kuiper alikuwa akitangaza kwamba Titan ina hewa.

Ukishamaliza mwanga, mguu na ngumi, nenda kwenye malighafi. Uliza: kitu hiki cha kesho kimetengenezwa kwa nini, na kilichimbwa wapi?

Hapa sisi hatuna haja ya kwenda mbali. Filamu ya Neptune Frost ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, Mnyarwanda, ilipigwa hapa Rwanda na kuonyeshwa Cannes mwaka 2021. Hadithi yake imewekwa Burundi, kati ya wachimbaji wa koltani na wadukuzi wa mitandao, na Kiswahili chetu kimo pamoja na Kinyarwanda, Kirundi, Kifaransa na Kiingereza. Itazame mara ya kwanza kwa ajili ya nyimbo. Mara ya pili zima sauti, utazame mavazi na mandhari tu, kazi ya msanii wa hapa hapa, Cedric Mizero. Simamisha picha. Sogea karibu na skrini. Vile vinavyong'aa kifuani ni vibonyezo vya kibodi. Zile nakshi ni bodi za saketi zilizotolewa kwenye mashine zilizokufa. Waya zimegeuka mapambo ya mwili. Mizero hakuagiza chuma cha ajabu kutoka nje ili kuichora kesho. Alichukua mabaki ya mashine, akayavisha watu wanaochimba madini ambayo bila hayo mashine zisingekuwepo.

Maana koltani ndiyo inayotoa tantali, na tantali ndiyo iliyo ndani ya vifaa vidogo vya kutunza chaji katika simu yako, kompyuta ya yule kijana wa bango, na vyombo vinavyopelekwa angani. Rwanda huisafirisha nje. Ng'ambo ya pili ya mpaka, Rubaya katika Masisi, Kongo, watu huichimba kwa sururu. Kila mara unapoona picha ya chombo cha angani kinachometameta, tafuta mlima. Kama mchoraji amesahau kwamba chuma hutoka ardhini na huchimbwa na mtu mwenye jina, picha yake ina nusu tu ya hadithi.

Baada ya Mizero, wengine utawatambua haraka. Kinshasa kuna kundi la Kongo Astronauts la Eléonore Hellio na Michel Ekeba, ambalo mwanaanga wake hutembea mitaani akiwa amevaa suti iliyoshonewa taka za kielektroniki. Nairobi yupo Cyrus Kabiru na miwani yake ya C-Stunners, anayoiunda kwa vyuma chakavu. Ukivaa macho yao, droo yako ya simu zilizokufa haitakuwa tena aibu ya nyumba. Chagua mbili tatu za kumpelekea msanii, na zilizobaki uzipeleke zikachakatwe kwenye kiwanda cha taka za kielektroniki kule Bugesera.

Kuna wanaodhani kwamba picha ya kesho haiwezi kuwa na ng'ombe. Waonyeshe Herderboy ya Mganda Raymond Malinga, mojawapo ya filamu fupi kumi za katuni za mkusanyiko wa Kizazi Moto zilizotoka mwaka 2023, yenye wachungaji wenye viungo vya mashine na ng'ombe wa kulindwa kwa gharama yoyote. Kisha wapeleke Nyanza wakawaone ng'ombe wa inyambo wa jumba la mfalme. Pembe zile hazihitaji kuongezewa kitu.

Na wanaodhani kwamba Mmaasai ni wa kadi za posta tu, wapatie mfululizo wa MaaSci wa Jacque Njeri wa Kenya, wa mwaka 2017: shuka nyekundu, shanga, na chini ya miguu ardhi ya sayari nyingine. Tumia swali la pili hapo. Unasimama wapi? Unasimama pamoja nao, kwa urefu wa macho yao.

Kama wewe ni mtu wa sanaa ya imigongo, una nyenzo ambayo washabiki wa London hawana. Wanawake wa Kirehe huinua mistari ya samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, na kuipaka nyeusi, nyeupe na nyekundu, na jicho lako linalazimika kusafiri kwenye ubao hata ukitaka kutulia. Sasa tafuta majalada ya vitabu ya Mwingereza Chris Foss ya miaka ya 1970. Vyombo vyake vya angani ni vikubwa kama milima, na amevipaka mistari na miraba ya rangi kali ili uone ukubwa na mwendo wake. Jicho lililolelewa na imigongo humwelewa Foss mara moja. Weka picha hizo mbili pamoja uone.

Tufike kwenye simu, kwa kuwa ndipo tunapowakosea wachoraji hawa kila siku. Kuna picha ya sayari saba zilizopangwa mstari, moja ina barafu, moja ina bahari, ambayo huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya familia ikiambiwa kwamba NASA imepiga picha dunia mpya. Hizo ni sayari za nyota ya TRAPPIST-1, iliyo umbali wa miaka ya nuru 40 hivi, zilizotangazwa tarehe 22 Februari 2017. Hakuna darubini iliyowahi kuona uso wa hata moja. Waliochora ni Robert Hurt na Tim Pyle wa California, wakiwa na takwimu mezani: ukubwa, uzito, umbali wa kila sayari kutoka kwa nyota yake. Kutoka kwenye namba hizo wakakisia palipo na barafu na palipo na maji. Picha ilipotolewa ilisema wazi kwamba ni mchoro wa msanii, maandishi yale yakakatwa njiani na mtu mwenye haraka. Ukiipokea, mjibu shangazi yako kwa adabu: "Shikamoo shangazi, picha ni nzuri sana, imechorwa na Robert Hurt na Tim Pyle." Usiongeze neno. Atauliza mwenyewe.

Hata picha halisi za darubini ya Webb, zile za kwanza za Julai 2022, zimepita mikononi mwa watu. Webb huona mwanga wa infraredi, ambao jicho la mtu haliuoni. Huko Baltimore, Joe DePasquale na Alyssa Pagan walizipa rangi: mawimbi marefu yakapewa nyekundu, mafupi yakapewa buluu, na ya kati yakapangwa katikati. Hawakudanganya. Walitafsiri kwa kanuni inayojulikana, kisha wakafanya maamuzi ya mchoraji juu ya kipi king'ae na kipi kififie. Ukisema "anga ni nzuri", ongeza majina yao.

Siku hizi kuna picha za anga zinazotoka kwenye programu za akili mnemba kwa sekunde chache. Usizikemee kwa sababu ya vidole sita, vidole wameshavirekebisha. Zipitishe kwenye maswali yale yale: jua, mguu, ngumi. Nyingi huanguka kwenye jua. Lakini hata inayofaulu ina deni. Mwaka 2022 ilibainika kwamba jina la mchoraji wa Poland, Greg Rutkowski, lilikuwa miongoni mwa majina yaliyoandikwa mara nyingi zaidi na watu walioziagiza programu hizo picha. Programu zilifunzwa kwa michoro ya watu kama yeye bila kuwaomba ruhusa. Mtu amechora majoka kwa miaka, na sasa jina lake ni kitufe. Mimi hilo linanikera, na sitaki kulizoea.

Ndiyo maana sehemu ya mwisho ya mwongozo huu ni ya fedha na adabu. Ukikutana na mchoraji Kigali, iwe kwenye kituo cha sanaa cha Inema pale Kacyiru, iwe kwenye Makumbusho ya Sanaa ya Kanombe, iwe ni mtoto wa jirani yako Nyamirambo mwenye kompyuta ya mkopo, kuna maneno ya kuacha nyumbani. Acha "hii si ni kompyuta imechora?" Acha "inakuchukua dakika ngapi?" Acha kabisa "nichoree bure, utajulikana." Sema: "Dada, mwanga huu umeutolea upande gani?" Utaona uso unavyobadilika. Huenda hajawahi kuulizwa swali hilo tangu aanze kazi.

Akitokea wa kukuambia kwamba kuchora si kazi ya mtu mzima, mtajie Alexei Leonov. Tarehe 18 Machi 1965 alikuwa binadamu wa kwanza kutoka nje ya chombo angani, na suti yake ilivimba hadi akapunguza hewa ndipo akaweza kurudi ndani. Katika safari hiyo hiyo alikuwa amebeba penseli za rangi, zikiwa zimefungwa kwa uzi zisielee, akachora macheo jinsi alivyoyaona akiwa kwenye mzingo. Mtu aliyetoka kuponea chupuchupu alitafuta penseli.

Mwishowe, agiza mchoro. Upendo usiofika kwenye malipo ya MoMo haujakomaa. Kama hujui pa kuanzia, mpe mchoraji riwaya ya Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotoka Kenya mwaka 1995, ambamo mtu aliyehukumiwa kufa anatiwa ndani ya chombo na kurushwa angani. Mwambie aisome yote kabla ya kushika kalamu, na umlipe muda wa kusoma.

Au mpe agizo hili, ambalo ningelitundika sebuleni kesho. Tarehe 27 Februari 2019, roketi ya Soyuz iliruka kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa, ikiwa na setilaiti sita za kwanza za kampuni ya OneWeb. Mojawapo inaitwa Icyerekezo, jina lililotoka kwa wanafunzi wa kisiwa cha Nkombo, katika Ziwa Kivu. Mwaka ule ule setilaiti ya Rwanda, RWASAT-1, yenye urefu wa kama rula ya shule, iliachiwa kutoka kituo cha kimataifa cha angani. Nataka mchoro wa Nkombo usiku ule wa Februari. Roketi iliporuka, kwa saa za kwetu ilikuwa saa tano na dakika 37 usiku. Mwezi ulikuwa umepita robo ya mwisho na haukuchomoza hadi baada ya saa sita, kwa hiyo asiuweke hata akishawishika. Roketi nayo isionekane, iko ng'ambo ya bahari. Mwanga utoke chini, kwenye taa za wavuvi wa sambaza, ambao usiku wa giza kama ule ndio wao, uwamulike watoto kuanzia kidevuni kwenda juu. Nyota ziwe zile za kweli za saa ile. Programu za bure za kuonyesha anga zitampangia. Watoto wasimame kwenye udongo wa Nkombo, na udongo uonekane.

Muda: wiki sita. Marekebisho: mara mbili, ya tatu yalipiwe. Sahihi yake ibaki pembeni, isomeke. Nusu ya malipo itangulie.